Usiachie Pembe Yako ya Godoro

SOMO LA WIKI HII

Maandiko ya kusoma: Marko 2:1-12, Luka 10:30-37, 2 Wakorintho 8:10-21
Mstari wa kukariri: Wagalatia 6:9
Lengo la somo: Kujifunza kumsaidia mtoto mwenye saratani tangu siku anapogunduliwa hadi siku anapomaliza matibabu, siyo siku ya harambee peke yake.

UTANGULIZI

Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuletewa kadi ya mchango au kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kumchangia mgonjwa. Na kwa neema ya Mungu, sisi Wakenya kwa kutoa hatujambo. Mtoto akigunduliwa ana saratani, siku hiyo simu zinalia, M-Pesa zinaingia, watu wanajaa nyumbani, wanaomba, wanakunywa chai, wanaweka kitu kwenye kikapu. Hilo ni jambo jema na tusiliache.

Lakini hebu tuulizane. Baada ya miezi minne, ni nani bado anampigia simu yule mama? Baada ya mwaka, nani anajua kama mtoto alienda kliniki wiki hii au alikosa nauli? Matibabu ya saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Sisi huwa tunatoa kama watu wanaozima moto: tunakuja na ndoo, tunamwaga, tunaenda. Mtoto huyu anahitaji watu wa kumbeba, na safari yake ni ndefu. Ndiyo maana somo letu leo linatoka Kapernaumu, kwa wale watu wanne.

1. SARATANI YA MTOTO SI HUKUMU YA KIFO

Tuanze hapa, kwa sababu mtu hawezi kutoa kwa moyo kama ndani yake ameshaandaa mazishi. Wengi wetu tukisikia neno kansa tunaona jeneza. Hata mchango tunautoa kama rambirambi za mapema.

Ukweli ni tofauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya 3 kati ya 10. Ugonjwa ni ule ule. Dawa nyingi ni zile zile, tena zimejulikana kwa miaka mingi. Mwaka 2018 WHO ilianzisha mpango wa kufikisha angalau watoto 6 kati ya 10 wanaopona ifikapo mwaka 2030. Kwa hivyo tunapochanga, tunachangia uhai unaowezekana kabisa.

Tena habari hii ni ya kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu kwenye taya za watoto. Alikuwa mwamini, mtu wa maombi. Miaka michache baadaye yeye na madaktari wenzake wa Kampala na Nairobi wakaanza kuona uvimbe ule ukiyeyuka kwa dawa. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, na mtoto akiletwa mapema na kumaliza dawa anaweza kupona kabisa. Dawa nyingine inayotumika sana kwa watoto, vinkristini, asili yake ni ua dogo la Madagascar ambalo siku hizi linapandwa kama pambo mbele ya nyumba zetu. Mungu aliweka dawa ndani ya ua. Nani atasema dawa ni adui wa imani?

2. WATOTO WENGI WANAPOTELEA KATIKATI

Sasa, kama dawa zipo, kwa nini watoto wetu wanakufa? Wengine wanachelewa kugunduliwa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo kanisa linaweza kuishughulikia moja kwa moja: wazazi wanaacha matibabu katikati. Utafiti uliofanywa na wazazi magharibi mwa Kenya ulitaja mambo tunayoyajua: pesa, bima na nauli.

Chukua mfano. Mama anaishi mbali, na mtoto anatibiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta huko Nairobi, au Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret. Tuseme nauli ya wawili kwenda na kurudi ni shilingi 3,000. Wakiitwa mara mbili kwa mwezi, hiyo ni 6,000. Kwa miaka miwili ni 144,000, na hapo hatujanunua hata mkate. Huyu mama alikuwa na kibanda cha mboga, sasa kimefungwa. Ana watoto wengine wawili wameachwa kwa jirani. Wiki moja anakosa nauli, anasema ataenda ijayo. Ya pili anaona aibu, daktari atamgombeza. Ya tatu hapigi tena simu.

Kuna mtego mwingine pale katikati. Dawa za saratani, hizi wengi tunaziita kemo, zinaweza kufanya uvimbe upungue haraka sana. Mtoto aliyekuwa hawezi kula anaanza kucheza. Familia inasema, “Amepona, tumshukuru Mungu,” na kliniki inasahaulika. Lakini chembe za ugonjwa ambazo jicho haliwezi kuziona bado zimebaki. Ukirudi, unarudi na nguvu, na kuutibu mara ya pili ni kugumu zaidi.

Hapa sisi watu wa Roho tuseme ukweli. Tunaamini uponyaji. Tunaweka mikono juu ya wagonjwa na hatutaacha. Lakini kumwambia mzazi atupe dawa ili kuonyesha imani, hilo Bwana hakulifundisha. Yule mwenye ukoma katika Marko 1:40-44, baada ya kutakaswa, alitumwa na Yesu aende akajionyeshe kwa kuhani, ambaye wakati ule ndiye aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha. Kwa hivyo mtoto akiombewa na akapata nafuu, asifiwe Bwana, kisha arudi kliniki daktari athibitishe. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Na yeyote anayeuliza ni dhambi ya nani, au ni mkono wa nani kijijini, asome Yohana 9:1-3. Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo kuhusu kipofu wa tangu kuzaliwa, na Bwana akalikataa. Mama mwenye mtoto mgonjwa tayari ana mzigo. Usimwongezee wa kwako.

3. GODORO LINA PEMBE NNE

Turudi Marko 2. Yule aliyepooza hakujileta. Alibebwa na watu wanne. Njia ilizibwa na umati, wakapanda darini, wakatoboa paa, wakamshusha. Na Marko anaandika jambo la ajabu: Yesu aliiangalia imani *yao*. Imani ya wabebaji ilionekana kwa macho, kwa jasho na vumbi la paa.

Fikiria mmoja wao angechoka katikati ya njia akaachia. Watatu wangebaki wameshika, lakini mgonjwa angeanguka. Ndivyo ilivyo kwa mtoto mwenye saratani. Godoro lake lina pembe nne.

*Pembe ya kwanza ni bima na bili.* Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hulipa kulingana na hali yake ilivyopimwa, kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Familia isipolipa, mlango wa bima umefungwa. SHA ina kiwango chake cha saratani kwa kila kaya kwa mwaka, na kikiisha kabla mwaka haujaisha, familia inabaki na bili. Hapa kanisa linaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, kuhakikisha familia imesajiliwa na imelipa. Pili, kujua mapema kiwango kinaisha lini, tusingoje mtoto arudishwe nyumbani bila dawa.

*Pembe ya pili ni nauli na mahali pa kulala.* Mtoto aliye kwenye kemo kinga yake hushuka. Homa ikimpata usiku si ya kumpa panadol na kungoja asubuhi. Anatakiwa afike hospitalini mara moja. Kwa hivyo anayeishi mbali anahitaji mahali karibu na hospitali kwa majuma yale magumu. Je, hakuna mshirika mwenye chumba karibu na hospitali? Hakuna ndugu mwenye gari, au kijana wetu wa teksi anayeweza kuitwa saa nane usiku?

*Pembe ya tatu ni chakula na damu.* Mtoto asiyekula vizuri hazistahimili dawa. Mayai, maziwa, uji wa lishe, matunda yaliyooshwa vizuri na kumenywa: hivi si vitu vikubwa, lakini mama aliyefunga kibanda chake hana. Tena matibabu yenyewe hupunguza damu. Watoto hawa huongezewa damu, na zile chembe za kugandisha damu haziwekeki zaidi ya siku chache, kwa hivyo wachangiaji wanahitajika kila wakati. Ukiwa na afya, umri wa miaka 16 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50, unaweza kujitokeza upimwe. Kijana asiye na senti mfukoni ana sadaka inayotembea ndani ya mishipa yake.

*Pembe ya nne ni nyumba iliyoachwa.* Nani anapika kwa wale watoto wawili kwa jirani? Nani analipa kodi ya nyumba? Nani anapalilia shamba? Baba anayebaki na hofu peke yake, nani anakaa naye? Pembe hii haionekani kwenye kadi ya mchango, lakini ikiachiwa, mama anatoka wodini mbio kwenda kuokoa nyumba, na mtoto anakosa dawa.

Hakuna mtu mmoja anayeweza kushika pembe zote. Ndiyo maana walikuwa wanne.

4. MSAMARIA ALIACHA HESABU WAZI

Katika Luka 10 tunamsifu Msamaria kwa sababu alisimama njiani. Lakini wengi tunafunga Biblia kabla ya mstari wa 35. Soma tena. Alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mnyama wake, akalala naye usiku ule kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi akatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama tunavyoona katika Mathayo 20:2. Pesa ya maana, lakini si ya kutisha.

Halafu akafanya jambo ambalo kuhani na Mlawi hawangeweza hata kuliota. Alimwambia mwenye nyumba kwamba gharama ikizidi, atailipa akirudi. Yaani alikuwa na mpango wa kurudi. Hakutoa akafunga daftari. Aliacha hesabu wazi.

Hapo ndipo utoaji wetu unahitaji kutubu na kukua. Paulo alipokuwa akiwakusanyia maskini wa Yerusalemu, aliwaelekeza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa (1 Wakorintho 16:1-2). Kidogo kidogo, kwa mpango, bila presha ya siku moja. Na katika 2 Wakorintho 8 anawakumbusha wamalize walichoanza mwaka uliotangulia. Kumbe hata Korintho watu walikuwa wepesi kuahidi na wazito kumaliza!

Rudi kwa ile hesabu ya nauli. Shilingi 6,000 kwa mwezi ni mzigo unaomvunja mama mmoja. Washirika 60 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, imepatikana. Shilingi mia. Anayeweza elfu moja atoe elfu moja, na Mungu ambariki, lakini hakuna mtu hapa kanisani aliye maskini mno asiweze kushika angalau uzi wa godoro.

Tena tutoe bila kufanya biashara. Mtoto mgonjwa si shamba la kupanda mbegu ili sisi tuvune gari. Msamaria hakuahidiwa chochote. Alimwona mtu, akahurumia, na hapo sababu ikatosha.

5. PESA ZIWE WAZI, MTOTO ALINDWE

Kuna watu wamechoka kutoa kwa sababu waliwahi kudanganywa. Picha ya mtoto inazunguka kwenye simu, namba iko chini, kumbe mtoto alipona zamani au hajulikani kabisa. Ubaya huo upo. Lakini dawa yake si kufunga mkono. Dawa yake ni utaratibu. Paulo mwenyewe hakubeba mchango peke yake. Alikwenda na ndugu waliothibitishwa ili mtu asipate la kulaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Na katika Matendo 6, malalamiko ya ugawaji yalipotokea, mitume waliwaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema wasimamie.

Kwa hivyo tufuate haya:

- Mchango wa matibabu ushikwe na watu wasiopungua watatu, na mmoja awe mama.
- Bili ilipwe moja kwa moja kwenye Paybill ya hospitali, na risiti iwekwe.
- Mmoja wetu aende na mzazi kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Yeye ndiye anayejua bili ilivyo, na mara nyingi anajua misaada mingine inayopatikana.
- Hesabu isomwe kila mwezi, hata kama ni ndogo.
- Picha ya mtoto isitumwe huku na huko. Atapona, atakua, atakuwa kijana. Hatapenda kuona uso wake umevimba kwenye simu za watu. Tunaweza kusema hitaji bila kumvua heshima.
- Tunapomtembelea, tuwe wachache na tunawe mikono. Ukiwa na mafua, tuma msaada, usiende. Upendo wako usimpelekee homa.

6. TUFUNGUE MACHO MAPEMA

Kutoa kunaanza pia kwa kuona. Walimu wa Sunday school, nyinyi mnakaa na watoto hawa kila juma. Ukiona weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Uvimbe kwenye taya, shingo au tumbo. Kupauka na uchovu usioisha. Kutokwa damu puani au kwenye fizi mara kwa mara, au michubuko bila kuanguka. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku. Kichwa kuuma asubuhi pamoja na kutapika. Homa inayorudi kila baada ya dawa za malaria, usinyamaze. Si kila dalili ni saratani, na nyingi zitakuwa mambo madogo. Lakini mwambie mzazi kwa upole ampeleke hospitali akapimwe, na kama hana nauli, basi godoro limeanza kuinuliwa pale pale.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Marko 2, ni kitu gani kilichoonyesha imani ya wale watu wanne? Imani yetu kwa wagonjwa inaonekana wapi?
2. Je, kuna familia tuliyoichangia mwaka jana ambayo hatujaiuliza tena hali? Nani atapiga simu leo kabla hatujaachana?
3. Kati ya pembe nne, ni ipi ambayo ushirika wetu unaweza kuishika kwa miezi 12 bila kuiachia?
4. Tumjibu vipi ndugu anayesema kuendelea na dawa baada ya maombi ni kukosa imani?
5. Kwa nini ni muhimu kwamba Msamaria alipanga kurudi?

HATUA YA KUCHUKUA

Wiki hii kila ushirika wa nyumbani uchague pembe moja tu. Andikeni majina ya wanaoshika, kiasi cha kila mwezi au kazi ya kila mmoja, na jina la atakayekumbusha. Msiahidi makubwa. Ahidini mtakachoweza kukifanya hata mwezi wa kumi na moja, wakati nyimbo za harambee zimesahaulika na mtoto bado anadungwa sindano. Wenye afya ya kutoa damu wajiandikishe kwa mashemasi.

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyetupa. Tunawaweka mbele zako wale walio wodini leo, na wale walio njiani ndani ya matatu kwenda kliniki, na wale ambao kiti chao kliniki kilibaki kitupu. Waponye, Bwana. Wape madaktari na wauguzi nguvu na hekima. Wape wazazi usingizi. Na sisi utuondolee uvivu wa katikati ya njia. Tukichoka, utuongezee mkono wa kushika. Tusiachie pembe mpaka mtoto afike. Katika jina la Yesu, Amina.